Mtundu na mpole: nani hasa yuko hatarini na pombe na madawa?

Kuna sentensi moja wazazi wa vijana walionasa kwenye pombe au madawa ya kulevya huwa wanaisema huku wamepigwa na butwaa kweli kweli: "Yaani huyu? Mbona alikuwa mpole, hata sauti yake ilikuwa haisikiki humu ndani." Alafu ukiangalia pembeni kuna kaka yake, ambaye utotoni alipanda kila ukuta, alionja kila kitu, sigara ya kwanza alivuta akiwa na miaka 13 nyuma ya madarasa, walimu wakamkatia tamaa, ukoo mzima ukasema huyu tayari kashapotea, na leo yupo zake na kazi yake, pombe anagusa kwenye harusi za watu basi. Watu wakifika hapo huwa wanasema ni bahati, au wanasema kuna mkono wa mtu.

Hakuna mkono wa mtu. Kuna kitu wanasaikolojia wamekuwa wakikichimba kwa miaka mingi na walichokuta siyo kile tunachorithishana. Sisi tumezoea kwamba hatari ni ule utundu unaoonekana, kijana asiyekaa kitako, na kwamba dawa yake ni kumwambia afikirie kabla ya kutenda. Hilo la kwanza ni nusu kweli. La pili karibu halina kazi, na nitaeleza kwa nini, ila twende taratibu kwa sababu hapa ndo watu wengi huwa wanachanganya mafaili.

Tatizo linaanzia kwenye jina. Vitabuni utakuta wanaandika "msukumo wa ghafla", neno ambalo kusema kweli halina ladha wala halimwambii mtu kitu. Mtaani tuna maneno mazuri zaidi ila tunayatumia kama yote ni mamoja: ana pupa, ana papara, ana hamaki, mtundu, anakurupuka, alijisahau. Mwaka 2001 watafiti wawili wa Marekani, Stephen Whiteside na Donald Lynam, walichukua rundo la madodoso yaliyokuwa yanatumika kupima kukurupuka, wakawapa watu wajaze, wakapiga hesabu kuona yanakubaliana wapi na yanaachana wapi. Kumbe madodoso yote yalidai kupima kitu kimoja lakini ndani yake vilikuwemo vitu vinne tofauti. Kufika 2007 hivi watafiti wengine wakaongeza cha tano. Na ukivisoma vizuri unaona Kiswahili kilishavipa majina zamani.

Cha kwanza ni papara, yaani kufanya kabla hujaangalia mbele, unajibu ndiyo kabla swali halijaisha. Cha pili ni kukata tamaa njiani, unaanza jambo likiwa gumu kidogo au likichosha unaliacha. Cha tatu ni kutafuta mzuka, ile kiu ya kitu kipya, cha kasi, cha kutisha kidogo (Marvin Zuckerman alitengeneza kipimo chake tangu 1964). Cha nne ni hamaki, na hapa naomba usimame kidogo. Siyo hasira peke yake. Ni ile hali ya mtu ambaye kwa kawaida anafikiri vizuri tu, ana mipango, ana adabu, ila akiumia moyoni, akiona aibu, akiachwa, akishikwa na hofu, basi kila alichopanga kinapotea na mkono unaenda kwenye chochote kitakachoondoa hayo maumivu sasa hivi. Cha tano ni pacha wake wa upande wa raha: kujisahau. Mtu kafaulu, kapata mpenzi, timu yake imeshinda, furaha imempanda mpaka kichwani, na humo humo ndani ya furaha anafanya kitu ambacho akiwa kwenye hali ya kawaida hafanyi hata umlipe.

Mtu mmoja anaweza kuwa na kimoja bila kingine. Yule mtundu wetu wa juu ya ukuta amejaa kutafuta mzuka, lakini pengine hana hamaki hata kidogo, akigombezwa anacheka. Mpole wetu hatafuti mzuka kabisa, hata kwenye bembea alikuwa hapandi, ila hamaki ipo pale chini imelala na hakuna aliyewahi kuiona kwa sababu hamaki yake haivunji vyombo. Inajifungia chumbani.

Sasa kila kimoja kina kazi yake kwenye hii safari. Tafiti zilizotenganisha hivi vitu zimekuta kwamba kutafuta mzuka kunaendana sana na kuanza, na mara ngapi mtu anakunywa. Lakini ukiuliza nani anapata matatizo ya kunywa, nani analewa mpaka anajiumiza, anagombana, anashindwa kuacha, hapo hamaki na kujisahau vinaongoza. Yaani anayekunywa mara nyingi na anayeharibiwa na pombe siyo lazima awe mtu mmoja, na huko majumbani tunamchunga huyu wa kwanza.

Ushahidi ninaoupenda mimi unatoka kwa panya. Najua kuna watu wakisikia panya wanafunga ukurasa lakini vumilia, huu ni mzuri. Kwenye maabara za Cambridge, Uingereza, panya anawekwa kwenye kisanduku chenye vitundu vitano ukutani. Kazi yake ni kusubiri sekunde kadhaa mpaka kitaa kiwake kwenye kitundu kimojawapo, aingize pua pale, apate chakula. Panya wengi wanasubiri. Wachache hawawezi, wanaingiza pua kabla taa haijawaka, wanakosa chakula na bado safari ijayo wanarudia vile vile, unawaona kabisa mwili umeshaelekea kwenye kitundu na taa bado. Mwaka 2007 Jeffrey Dalley na wenzake walipima ubongo wa hao wasioweza kusubiri wakakuta vipokezi vya dopamini (kemikali ya ubongo inayobeba ujumbe wa hamu na tuzo) vya aina fulani ni vichache katika ile sehemu ya ndani inayoshughulika na raha na tuzo. Na hawa panya walikuwa hawajawahi kuguswa na dawa yoyote maishani mwao. Walivyokuja kupewa nafasi ya kujidunga kokeini wao wenyewe kwa kubonyeza kitu, walijidunga kuliko wenzao.

Ila utamu uko kwenye kazi ya mwaka uliofuata, 2008, ya David Belin na wenzake wa timu hiyo hiyo. Walichukua makundi mawili: panya wanaopenda upya, ukimweka sehemu ngeni anazunguka kila kona bila kupumzika, na hawa wa pua mbele, wasioweza kusubiri. Wapenda upya ndo waliokuwa wepesi kuanza kujidunga. Sawa kabisa na tulivyotarajia. Lakini muda ulivyokwenda, watafiti wakaweka adhabu, kwamba ukijidunga unapigwa shoti kidogo ya umeme miguuni. Wapenda upya wengi wakaacha. Waliokuwa hawawezi kusubiri wakaendelea, shoti na yote. Kwa hiyo tabia inayokuingiza mlangoni na tabia inayokufungia humo ndani ni mbili tofauti, na hapo ndo kaka mtundu na mdogo wake mpole wanaanza kueleweka.

Binadamu siyo panya, najua. Kwa binadamu huwezi kumpa kijana kokeini uone. Ila kuna njia ya pembeni waliyotumia watu wa Cambridge tena, Karen Ersche na wenzake, wakachapisha 2012. Walichukua watu 50 waliokuwa waraibu wa madawa ya kuchangamsha kama kokeini, na kwa kila mmoja wakamtafuta ndugu yake wa damu, baba mmoja mama mmoja, ambaye hana uraibu. Wakaweka na watu baki 50 wa kulinganisha. Wote wakafanyishwa mchezo mmoja rahisi ambao naueleza kwa sababu ukiuelewa umeelewa nusu ya mada. Unakaa mbele ya kompyuta, mshale unatokea, ukielekea kushoto unabonyeza kushoto, ukielekea kulia unabonyeza kulia, haraka iwezekanavyo. Unafanya hivyo mara nyingi mpaka kidole kinaenda chenyewe. Alafu mara moja moja, mshale ukishatokea na wewe umeshaanza kwenda, inalia alama: simama. Unatakiwa usibonyeze. Watu wazima wenye afya wanahitaji kama robo ya sekunde hivi kujizuia, na hiyo robo ya sekunde huioni wala huisikii, kompyuta ndo inaihesabu. Waraibu walichelewa kusimama kuliko watu baki, hilo halikushangaza mtu. Kilichoshangaza ni kwamba ndugu zao, wasio na uraibu wowote, nao walichelewa. Na picha za ubongo zikaonyesha tofauti zinazofanana kwa wote wawili.

Hapo kuna mambo mawili ambayo mimi nayashika. Moja, breki dhaifu inaweza kuwepo kabla ya dawa, ipo kwenye familia, siyo kwamba kijana aliiharibu kwa ukorofi wake (ingawa dawa nazo zikishaingia zinaizidishia). Hata makadirio ya urithi kwenye uraibu, kutokana na tafiti za mapacha, huwa yanazunguka kwenye nusu hivi. Pili, na hili watu wanalisahau, ni kwamba wale ndugu 50 hawakuwa waraibu. Breki dhaifu ile ile, nyumba ile ile mara nyingi, na hawakunasa. Kwa hiyo ukimwambia mtoto "umerithi, utakuwa kama mjomba wako" umemdanganya kisayansi na umemuumiza bure.

Turudi kwenye kusubiri, maana ndo pana mengi. Kuna kipimo kingine cha kukurupuka kinachouliza swali la pesa: nikupe noti moja leo, au noti mbili baada ya mwezi? Wengine leo, wengine mwezi. Mwaka 1999 Kris Kirby na wenzake waliwauliza maswali ya namna hii waraibu wa heroini na watu wasiotumia, wakakuta thamani ya kitu kilichoko mbele inashuka kwa waraibu karibu mara mbili ya kasi ya wengine. Mwezi ujao kwao ni kama hadithi.

Lakini jiulize swali lile lile kwa kulisogeza. Noti moja baada ya miezi 12, au noti mbili baada ya miezi 13? Karibu kila mtu anachukua mbili, mwenye pupa na asiye na pupa. Umeona kilichotokea? Tofauti ni ile ile, mwezi mmoja, noti moja, lakini vyote vikiwa mbali sisi sote tuna busara, kitu kikifika karibu na mkono ndo hesabu inapinduka. Hii ndo sababu kijana anaapa asubuhi kwa dhati ya moyo wake kwamba hagusi tena na saa mbili usiku kagusa, alafu watu wanasema alikuwa anadanganya. Hakudanganya. Asubuhi alikuwa anazungumza kama mtu wa miezi 12, usiku ule alikuwa mtu wa leo. Na ongezea kwamba vitu vyenyewe vimetengenezwa kwa ajili ya mtu wa leo: nikotini ukiivuta inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde kadhaa tu, wakati mapafu yatadai deni lake baada ya miaka 30. Hakuna kijana anayeshinda hesabu hiyo kwa kuambiwa habari za mapafu.

Hapa watu hupenda kuleta lile jaribio maarufu la pipi la Walter Mischel pale Stanford, miaka ya mwisho ya 1960 na mwanzo wa 1970, mtoto anaachwa na kitamu kimoja anaambiwa ukisubiri nirudi nakupa na cha pili. Walioweza kusubiri walikuja kuonekana wanafanya vizuri baadaye, na dunia nzima ikahitimisha kwamba uvumilivu wa mtoto wa miaka minne ndo hatima yake. Basi 2018 Tyler Watts na wenzake walilirudia na watoto zaidi ya 900, uhusiano ukapungua karibu nusu, na walipoweka kwenye hesabu hali ya nyumbani na uwezo wa mtoto ukabaki mdogo sana. Mimi jaribio hilo sipendi linavyotumiwa, ila kuna toleo lake moja la 2013, la Celeste Kidd na wenzake, ambalo nadhani kila mzazi na mwalimu angelijua. Watoto 28 tu. Kabla ya kuletewa kitamu, mtu mzima aliwaahidi rangi nzuri za kuchorea na stika. Kwa nusu ya watoto aliporudi alileta kweli. Kwa nusu nyingine alirudi mikono mitupu, samahani, nilidhani zipo kumbe hazipo. Ndo likaja jaribio la kusubiri. Walioletewa walichoahidiwa walisubiri wastani wa dakika 12. Waliodanganywa, dakika tatu.

Dakika tatu! Watoto wa aina moja, tofauti ni mtu mzima mmoja aliyevunja ahadi mara mbili kwenye muda mfupi ule. Sasa fikiria mtoto aliyeishi miaka 15 kwenye nyumba ambayo baba akisema kesho hakuna kesho, ada ikiahidiwa haitoki, leo kuna amani na usiku kuna vipigo. Huyo akichagua cha sasa hivi hatuwezi kusema hana akili. Kajifunza kutokana na maisha aliyopewa kwamba cha baadaye hakiji. Pupa yake ni hesabu sahihi kabisa kwa dunia aliyoijua, shida ni kwamba hesabu hiyo anaibeba mpaka kwenye pombe na vidonge ambako ni hesabu mbovu. Na ndo maana tafiti nyingi zinakuta shida za utotoni, kupigwa, kutelekezwa, kuishi na mlevi, zinaendana na matumizi ya madawa ukubwani. Tukimuona huyu kijana tunaita tabia mbaya.

Alafu kuna umri wenyewe. Mfumo wa ubongo unaofuatilia raha na tuzo unachemka sana katikati ya ujana, wakati sehemu ya mbele ya ubongo inayopanga na kuzuia inaendelea kukomaa mpaka karibu na miaka 25. Hii habari imeshasambaa sana na imeanza kutumiwa vibaya, kwamba vijana hawana ubongo, hawawezi kufikiri. Si kweli. Akiwa ametulia, peke yake, ana muda, kijana wa miaka 16 anapima mambo karibu sawa na mtu mzima. Na kuhusu kujua hatari, Valerie Reyna na wenzake wameonyesha kwamba vijana mara nyingi wanazikadiria hatari kuwa kubwa kuliko zilivyo. Wanajua! Ukimkuta anavuta usimpe somo la madhara, kuna uwezekano anayajua zaidi yako.

Kinachobadilika ni mazingira ya joto. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa watu mchezo wa gari kwenye kompyuta: gari linakwenda, taa ya njano inawaka, kadri unavyoendelea unapata pointi ila muda wowote ukuta unaweza kutokea ukagonga na kupoteza zote. Wengine walicheza peke yao, wengine wakiwa na wenzao wawili wa rika lao chumbani. Vijana wa miaka 13 mpaka 16 walipokuwa na washkaji wao walijitosa zaidi sana kuliko wakiwa peke yao. Watu wa miaka 24 kwenda juu, uwepo wa wenzao haukubadilisha chochote cha maana. Baadaye, 2011, Jason Chein na wenzake walirudia kitu kama hicho watu wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo, na marafiki wamekaa chumba kingine, wanaangalia tu kwenye skrini. Hata hivyo sehemu za tuzo kwenye ubongo wa kijana ziliwaka zaidi. Hakuna aliyemshawishi, hakuna aliyemwambia "kunywa bwana usiwe fala". Kuangaliwa tu kunatosha. Ndo maana lile somo la "jifunze kusema hapana" linakosa shabaha, kwa sababu linasubiri mtu aje na ombi, wakati kijana anajitosa mwenyewe bila kuombwa.

Kuanza mapema kuna uzito wake. Bridget Grant na Deborah Dawson walichambua takwimu za Marekani 1997: walioanza kunywa kabla ya miaka 15, karibu asilimia 40 walikuja kupata utegemezi wa pombe wakati fulani maishani, na walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi ni kama asilimia 10. Namba inatisha na huwa inabandikwa kila mahali. Lakini ukiwa makini utauliza: je, pombe ya mapema ndo iliharibu, au yule yule mwenye hamaki na pupa ndo anayeanza mapema na ndo anayenasa baadaye? Jibu la haki ni kwamba vyote viwili vinachangia. Utafiti wa Dunedin, New Zealand, uliofuatilia watoto 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973, ulikuta kwamba wenye uwezo mdogo wa kujizuia utotoni walikuwa na utegemezi zaidi wa madawa walipofika miaka 32, Terrie Moffitt na wenzake ndo walichapisha hayo 2011. Ila sehemu ya madhara hayo ilipita kwenye walichokiita mitego ya ujana: kuanza sigara mapema, kuacha shule, kuzaa bila kupanga. Waliobahatika kuikwepa mitego hiyo, pamoja na tabia yao ile ile, hali yao ilikuwa nafuu. Kwa hiyo kuchelewesha kunalipa, hata kama hujabadilisha tabia ya mtu hata kidogo.

Nipite haraka kwenye ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kukaza akili kwenye jambo moja, kwa sababu swali hilo huwa haliachi kuulizwa. Ndiyo, vijana wenye hali hiyo wana hatari kubwa zaidi ya wenzao. Hapana, dawa za kuitibu wakiwa watoto, zikitolewa na daktari na kufuatiliwa, hazijaonekana kuwaongezea uraibu baadaye.

Sasa ya kufanya. Kwa miongo kadhaa njia ilikuwa moja: ingia darasani, tisha wote kwa pamoja. Programu ya DARE ilianza Los Angeles 1983, askari wanakuja kufundisha wanafunzi kukataa madawa, ikaenea Marekani nzima na nje, watoto wakapenda, wazazi wakapenda, na tathmini moja baada ya nyingine zikakuta haina athari ya kudumu kwenye matumizi. Ukielewa tulikopita hutashangaa. Inampa taarifa mtu ambaye taarifa anayo, na inampa mtundu na mpole dozi moja.

Patricia Conrod akaja na wazo lingine, gawanya kwa tabia. Dodoso fupi linatafuta vijana wa aina nne: wanaotafuta mzuka, wanaokurupuka, wenye hofu inayowapanda mwilini, na waliokata tamaa na maisha. Waone hao wawili wa mwisho, ni wapole, hawamo kwenye orodha ya mwalimu wa nidhamu. Kila kundi linakaa peke yake, vikao viwili tu vya dakika 90, na hawahubiriwi sana madawa, wanachambua tabia yao wenyewe: kitu gani kinakuwasha, mwili unasikiaje, wazo gani linakuja kwanza, alafu unafanya nini. Majaribio ya Uingereza, Kanada na Australia yamekuta unywaji na madhara yake vinapungua. Vikao viwili.

Iceland wakaenda upande mwingine, wakabadilisha jioni za vijana badala ya vijana wenyewe. Michezo na muziki vya kulipiwa na serikali, saa za kuwa nje usiku kwa wadogo, wazazi kukubaliana wao kwa wao. Mwaka 1998 asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa ndani ya mwezi uliopita. Mwaka 2016 ilikuwa asilimia 5. Mengine mengi yalibadilika humo katikati, siyo sera peke yake, lakini angalia mantiki: mtafuta mzuka kapewa mzuka mwingine, na mwenye pupa kakuta kitu hakiko karibu na mkono.

Kwa mwenye hamaki ni kazi ya ndani zaidi. "Fikiria kabla ya kutenda" haimsaidii kwa sababu yeye anafikiri vizuri siku zote isipokuwa dakika zile kumi, na kwenye dakika hizo ndo unataka afikiri. Kinachosaidia ni kuamua mapema, akiwa bado mtu wa miezi 12. Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba mpango wa "kama hivi ikitokea, nafanya vile" unashikika kuliko nia ya jumla: siyo "sitakunywa nikiwa na stresi" bali "tukigombana, natoka natembea mpaka kwa shangazi, simu naiacha". Kitu kisiwepo chumbani. Usingizi uwepo, maana breki iliyokosa usingizi ni breki nusu. Na ajue jina la anachosikia, aibu ni aibu, wivu ni wivu, kwa sababu kijana asiye na jina la maumivu yake anajua tu kwamba anataka yaishe.

Na kumjua mapema ndo kugumu, maana hana kesi. Ukimuuliza anatembea na nani utapata majina ya watu wema watupu. Muulize juzi baada ya yale maneno mezani, alivyoingia chumbani akafunga mlango, alikaa vipi mpaka akalala. Mara ya kwanza atasema "kawaida tu". Usibishane naye, kaa hapo hapo kitandani mpige stori nyingine, alafu wiki ijayo muulize tena.